Supu ya maharage na ham: maharage yamegoma kuiva, supu chumvi tupu

MamaTunu: Wakuu, habari za Jumapili. Niko Iowa, mwaka wa pili sasa. Baada ya Pasaka bibi jirani, Mmarekani, alinipa mfupa wa ham yao (paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi) ukiwa bado na minofu, akasema usiutupe, huo ni wa supu ya maharage. Nikajiambia, maharage nayo nifundishwe? Nikanunua yale meupe madogo wanayoita nevi, nikayaloweka kama saa moja. Nikakaanga kitunguu na nyanya tatu, nikatia maharage, mfupa, maji na chumvi yangu ya kawaida. Masaa matatu na nusu jikoni! Ukiyang'ata yanalia kru, na mchuzi kama umechotwa baharini. Baba Tunu kaishia kunywa chai na mkate. Nusu ya pakiti ipo, na nimenunua kifundo cha mguu wa nguruwe cha moshi nijaribu tena. Nilikosea wapi?

Kokoto: Nyanya hizo. Asidi yake inafanya ganda la harage lisilainike, hata ukichochea moto hadi kesho. Nyumbani tunaunga maharage yakiwa yameshaiva, wewe umeanza na kuunga.

Mjomba wa Columbus: Kokoto kamaliza la nyanya. La chumvi: ham imeshalazwa kwenye chumvi kabla haijafika dukani, kwa hiyo usitie hata chembe mpaka mwisho uonje.

Nifanyavyo mimi: nusu kilo ya maharage naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji. Natia lita mbili za maji mapya na kifundo. Kikichemka napunguza moto, maji yawe yanatoa vipovu vya hapa na pale tu, masaa mawili hadi matatu. Kitunguu nakaanga pembeni kwa siagi, karoti na seleri ukipenda. Kifundo kikilegea nakitoa, nachambua nyama, ngozi natupa (mke wangu haitupi). Halafu upawa mmoja wa maharage naponda kwa mwiko ubavuni mwa sufuria. Hapo ndipo supu inakuwa nzito, wala haihitaji unga.

Mgahawa wa Seneti, bunge la juu la Marekani, kule Washington unaipika supu hii tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Maharage meupe, kifundo, kitunguu, siagi, basi. Ipo na ya viazi vya kuponda, wanaihusisha na seneta Fred Dubois wa Idaho.

Ukhty Minneapolis: Sisi tusiokula nguruwe tunatumia mguu wa bata mzinga wa moshi, ila hakikisha ni halali. Harufu ile ile ya moshi, na chumvi yake pia ipo, msijisahau.

Kokoto: Kama maharage yamekaa kabatini miaka, tia robo kijiko cha chai cha magadi kwenye maji ya kuloweka. Yakizidi yanaleta ladha ya sabuni.

MamaTunu: Asanteni sana. Nimeloweka jana usiku, saa hizi yanachemka na harage moja nimelibinya kwa vidole limepondeka! Swali la mwisho: nikitia tui la nazi kidogo?

Mjomba wa Columbus: Tia, mtakula vizuri sana. Ila kwa bibi usipeleke, atauliza ham yake imekwenda wapi.