Bango la utafiti wa mwani kwa wasomaji wa fani tofauti: nilipangeje?

MwaniUnguja: Wakuu, salaam. Muhtasari wangu umekubaliwa kwenye kongamano la sayansi ya bahari. Nimelinganisha ukuaji wa kotonii (aina ya mwani unaolimwa) kwenye maji mafupi na maji ya kina. Watakuwepo wanabiolojia, wachumi, wanasheria na wataalamu wa mikondo. Bango ni A0 wima. Nifanyeje lieleweke kwa wote bila kupunguza usahihi?

Mtakwimu: Mkuu, anzia kwenye kipimo cha ukuaji. "Asilimia 4.3 kwa siku" mwanabiolojia anaielewa papo hapo, mchumi haimwambii kitu. Kanuni ni 100 × ln(uzito wa mwisho ÷ uzito wa mwanzo) ÷ siku, ambapo ln ni logi asilia. Gramu 100 zikifika 600 kwa siku 42, unapata 4.27. Wapo wanaogawanya ongezeko moja kwa moja, wakapata 11.9, kisha wakajilinganisha na makala zilizotumia logi. Hapo hoja nzima inaanguka. Andika kanuni bangoni, na chini yake "mara 6 kwa wiki 6". Kwa wachumi weka kilo za mwani mkavu kwa kila mita ya kamba, kwa sababu mkavu ndio unaouzwa. Uwiano wa mbichi kwa mkavu upime kwenye mavuno yako mwenyewe, usiuazime: ukaushaji na msimu huubadilisha.

Bamvua: Kwenye joto, usiishie kwenye wastani wa siku. Kinachoidhuru kotonii ni kilele, pale maji yanapokupwa kwenye jua kali, na wastani hukificha kabisa. Chora kiwango cha juu cha kila siku, useme kihisi (kifaa cha kupima joto) kilikaa kina gani na kilirekodi kila baada ya dakika ngapi. Joto la setilaiti lionyeshe kando, usilichanganye na la kihisi: husoma uso wa bahari kwa eneo pana, na karibu na ufuo nchi kavu huchafua vipimo.

MwaniUnguja: Asante sana. Na uchapaji?

Mchapaji: Weka ukurasa milimita 841 × 1189 kabla hujaandika chochote, ukikuza A4, picha hupasuka. Kichwa pointi 85 au zaidi, maandishi yasipungue 28. Mistari ya grafu iwe ya bluu na chungwa, si nyekundu na kijani, kwani baadhi ya watu, hasa wanaume, huzichanganya. Peleka PDF yenye fonti ndani yake, na kabla ya kulipia chapa nakala ya A4: kisichosomeka hapo kwa kuishika mkononi, ukumbini hakitasomeka.