Naomba ushauri: nichukue lini sampuli za inzi wa matunda?

Wakuu, habari za kazi. Nalinganisha utendaji wa jeni kwa majike wa inzi wa matunda (Bactrocera dorsalis): wachanga, waliopevuka ambao hawajapandwa, na waliokwisha kupandwa. Upande wa kupevuka sina shida. Jeni ya vitelojenini, protini inayotengeneza kiini cha yai, inaonekana wazi ikipanda mayai yanapokua.

Kinachonisumbua ni kupandana. Inzi hawa hupandana jua linapozama, na zipo jeni zinazofuata saa ya mwili, jike apandwe asipandwe. Nikichukua waliopandwa usiku na wenzao asubuhi, si nitakuwa napima saa tu? Halafu jike aliyepandwa amebeba mbegu za dume, nazo zina RNA ya dume (nakala za jeni, ambazo ndizo ninazopima). Nikisaga mwili mzima nitajuaje ipi ni ya nani? Nimefikiria kutumia vichwa pekee, ila nitakosa ovari, na huko ndiko kwenye utamu wenyewe.

Mliowahi kufanya kazi hii, mlitenganishaje? Na jeni gani ya kulinganishia (ile isiyobadilika, ya kupimia nyingine) ilitulia kwenu hatua zote? Mimi natumia jeni ya aktini, protini ya misuli na seli, ila inayumba mno, siiamini tena.