Ikama ya vituo vya mipakani: hesabu yake inapigwaje?

MwanaMtumba
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni afisa utumishi hapa Dodoma, nimepewa kuandaa rasimu ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, ya vituo kadhaa vya mpakani kabla ya bajeti. Faili nililolikuta linasema: chukua magari ya mwaka mzima, gawa kwa 365, kisha gawa kwa idadi ambayo afisa mmoja anaimudu kwa siku. Kwa hesabu hiyo watumishi wanatosha, tena kuna wa ziada. Mbona sasa malalamiko ya foleni hayakatiki? Aliyewahi kufanya kazi mpakani anisaidie, tafadhali.

Mzee_wa_Hombolo
Binti yangu, nimestaafu forodha, kituo changu cha mwisho kilikuwa Tunduma, mpakani na Zambia. Nakuomba usiipeleke mbele hesabu hiyo, itaumiza watu.

Magari hayaji kwa wastani. Kuna saa geti ni kimya, na kuna saa semitrela za Zambia na Kongo zinaingia kwa mkupuo. Tuseme saa hiyo yameingia magari 12, kila moja linakaa dakika 15 dawatini. Hizo ni dakika 180, yaani maafisa 3 wasionyanyua hata kichwa. Ukiweka 3 kamili, gari moja tu lenye nyaraka mbovu linavuruga kila kitu, na foleni hiyo itamkuta wa zamu ya usiku. Weka 4, ikibidi 5.

Halafu zamu. Dawati linalofunguliwa saa 24 lina saa 168 kwa wiki. Mtumishi mmoja kisheria ni saa 45, na ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Piga mwenyewe: dawati moja linataka watu wanne, na hapo hujamhesabu mgonjwa, aliye mafunzoni wala aliyejifungua. Mimi nilikuwa naandika watano. Ukiona kwenye faili "madawati 6, maafisa 12", jua usiku kuna madawati yamefungwa.

Jambo jingine ambalo ofisini huwa halionekani: kwenye kituo cha huduma kwa pamoja, gari husimama upande linakoingia tu. Linalokwenda Zambia linamalizana na nchi zote mbili kule Nakonde, upande wa Zambia. Kwa hiyo maafisa wetu wanakaa majengo mawili, moja likiwa nchi ya watu. Afisa aliye Nakonde huwezi kumwita kwa dakika mbili aje kuziba pengo Tunduma. Kila jengo lipigiwe hesabu yake.

Vitunguu_Sgd
Shikamoo mzee. Dada, mimi nasafirisha vitunguu kutoka Singida kwenda Kenya, naomba uongeze hili. Kuna kituo (sikitaji) nilifika saa nne asubuhi, forodha wakanimaliza mapema, uhamiaji wakagonga muhuri. Mkaguzi wa afya ya mimea alikuwa mmoja, naye yuko juu ya lori jingine anachukua sampuli. Nililala pale. Vitunguu vikilala chini ya turubai, gunia za katikati zinatoa jasho. Asubuhi mnunuzi akaingiza mkono kwenye gunia, akaunusa, akakata bei bila hata kubishana. Kwangu ule ulikuwa mtaji wa msimu. Hata wangeongeza maafisa kumi wa forodha siku ile, nisingetoka.

Mzee_wa_Hombolo
Marahaba mwanangu. Hapo umegusa penyewe. Gari linaondoka pale saini ya mwisho inapopatikana. Forodha, uhamiaji, afya, mimea, mifugo, viwango, kila mmoja ana mwajiri wake na bajeti yake, ndiyo maana hakuna anayeona tundu liko wapi.

MwanaMtumba
Shikamoo mzee wangu, na asante kaka wa Singida, pole sana. Hizo takwimu za saa kwa saa nazipata wapi?

Mzee_wa_Hombolo
Mfumo wa forodha unaandika saa ya tamko la mzigo, yaani wakala anapowasilisha nyaraka, na saa ya kuachia mzigo. Omba orodha yenyewe, usipokee ripoti iliyojumlishwa, na iwe ya mwaka mzima ili msimu wa mavuno uonekane. Lakini gari ambalo wakala hajaleta nyaraka zake halimo mle, liko barabarani. Kwa hilo omba safari. Keti getini usiku na mchana na daftari, andika namba za magari na saa. Kisha kila taasisi iwe na safu yake kwenye jedwali moja. Ile yenye mtu mmoja, anza nayo kuomba kibali cha ajira.