Nataka kumleta Bwana Msa Tanga: naombeni ushauri kabla sijaanza sura ya pili

Mwana wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga, na naomba ushauri wa dhati kwa wapenzi wa riwaya za upelelezi.

Nataka kuandika kesi mpya ya Bwana Msa. Wengi mnamjua: mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni, hana papara, na rafiki yake Najum pembeni. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1960, na kwangu mimi hajatokea wa kumfikia. Watu wakisema ni mzimu, yeye hutafuta binadamu.

Kesi yangu ni ya hapa. Mfanyabiashara wa nazi kakutwa amekufa ghalani karibu na bandari, mlango umefungwa kwa ndani, ufunguo hauonekani. Sura ya kwanza iko tayari. Je, naruhusiwa kumtumia Bwana Msa? Na kama siruhusiwi, niifanyie nini hamu hii? Nawasilisha.

Wakili wa Chumbageni

Mkuu, usipeleke mswada popote kwanza. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, haki za mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mzee Abdulla alifariki 1991, kwa hiyo mpaka mwisho wa 2041 Bwana Msa ana wenyewe. Zanzibar nako kuna sheria yao na ofisi yao, COSOZA, na mwandishi ni Mzanzibari, basi usiishie kuuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara.

Wazo tupu halina mwenyewe. Mpelelezi mwenye akili na rafiki muulizaji, yeyote anaweza kuwatunga. Ila ukibeba jina, ukabeba Najum, ukabeba na kiko na mazoea yake yote, hapo umechukua kazi ya mtu. Njia ya halali ni kuwaandikia warithi kupitia mchapishaji. Warithi wa Agatha Christie walimruhusu Sophie Hannah kumwandikia mpelelezi wake Poirot kesi mpya, ikatoka 2014. Ombi lako liende na sura kadhaa zilizoiva. Wazo peke yake halitoshi kumshawishi mtu.

Bint Pangani

Kaka, wakati unawasubiri warithi, mfikirie Sherlock Holmes, mpelelezi wa London wa vitabuni. Mtunzi wake, Arthur Conan Doyle, alifariki 1930. Uingereza haki zake ziliisha mwisho wa 2000, na Marekani hadithi za mwisho zikawa huru 2023. Halafu Doyle mwenyewe kaacha nafasi: Holmes anadhaniwa kafia kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, mwaka 1891, anaibuka London 1894 na kusema alikuwa Tibet, Uajemi, Makka na Khartoum. Makka, kaka! Akishafika Jeddah, Tanga si mbali tena kwa mtu wa safari kama yeye.

Mwana wa Ngamiani

Dada, umenigusa, ila kuna kinachonikera. Mzungu ashuke Tanga awafumbue macho wazee wetu? Bwana Msa nampenda kwa sababu ni wa kwetu, hana haja ya kuletwa na meli. Na miaka hiyo ndiyo Wajerumani wameshika pwani. Abushiri aliyewapiga vita alinyongwa hapo kwenu Pangani Desemba 1889. Siwezi kuandika kitabu ambacho watu wa hapa kazi yao ni kubeba mizigo na kushangaa.

Bint Pangani

Ndiyo maana msimulizi awe wetu. Mpe mkalimani, kijana wa Tanga. Holmes hajui Kiswahili, kwa hiyo kila neno la shahidi linapita kwanza kwa kijana huyu, naye ndiye anayejua lipi zito na lipi porojo. Watson, rafiki anayesimulia kesi za Holmes, hakuwa na uwezo huo hata siku moja.

Mwaka uwe 1893. Ndio mwaka ujenzi wa reli ya Usambara ulipoanza hapo Tanga, na ndio mwaka mkonge ulipofika. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, huku kwetu. Mimi ningeanzia kwenye hesabu hiyo. Daftari linasema 62, kijana anapita bustanini anahesabu, anapata 61. Anarudia, 61. Mche mmoja uko wapi, na nani angethubutu kuua kwa ajili yake?

Kipanga wa Makorora

Hapo kwenye mche nimesisimka kweli. Ombi langu: usimpeleke maiti Mapango ya Amboni, yameshachoka. Na fedha za wakati huo ni rupia na pesa, pesa 64 kwa rupia moja. Heller zilikuja 1904, zisionekane mfukoni mwa mtu wako.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, nimesoma yote kwa furaha. Nakupa ya baharini, maana ghala lako liko bandarini na hujaitaja bahari hata mara moja.

Muuaji wako mpe uongo ambao Holmes hawezi kuunasa ila mtoto wa pwani ananasa. Aseme ameingia kwa jahazi kutoka Maskati mwezi wa Julai. Julai ni kusi tupu. Majahazi ya Arabuni huja na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi ndiyo huwarudisha kwao. Mzungu atamwamini. Mkalimani wako hatamwamini.

Kisha mfunge kwa maji. Barua yake iwe na tarehe 15 Mfunguo Nne, yaani Muharram, mwaka 1311 wa Hijria. Hiyo iliangukia mwishoni mwa Julai 1893. Mwezi mpevu, maana yake bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Yeye aandike kwamba saa nne ile mashua ilimfikisha mpaka ngazini, akashuka bila kulowa kanzu. Mashua gani? Saa hiyo mashua zimelala ubavu mchangani, na wanawake wako mbali huko miambani wanaokota pweza. Ingekuwa maji mafu, yasiyopwa sana, ningesema labda. Bamvua, hapana.

Tarehe iweke mapema, sura ya pili au ya tatu, katikati ya salamu za barua. Msomaji wa pwani apate haki ya kuigundua kabla ya Holmes.

Mwana wa Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nimeamua. Bwana Msa nitamwombea ruhusa kwa adabu na sura ile ya kwanza itamsubiri. Hii ya 1893 naianza na msimulizi mkalimani. Swali moja: huyo mwongo, kama si kutoka Maskati, Julai angeweza kutoka wapi akafika Tanga kwa tanga?

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Kusini, mwanangu. Kilwa, Mafia, Bagamoyo, kusi inamsukuma nyuma vizuri kabisa. Mtoe Bagamoyo, halafu mwulize mkalimani wako huyo mtu alikuwa anakimbia nini huko.