Re: Opresheni ya kupunguza uzito, ipi inarudishika na ipi ndo basi tena?

Wapendwa habarini,

Naomba msaada kwa aliyepitia hii kitu. Daktari kanipa vipeperushi vinne, anasema kwa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 41 na sukari ilivyo juu nina vigezo vyote, nikasome nichague nirudi baada ya wiki mbili. Mi nilidhani opresheni ni moja tu, kumbe kuna slivu, baipasi, pete, puto. Ninachotaka kujua, nikishindwa nayo huko mbele ipi inarudishika? Nina miaka 34 na bado nataka kuzaa mtoto mmoja.
Zuhura

> ipi inarudishika?

Zuhura mdogo wangu, hilo swali mimi sikuliuliza, niliuliza ipi inapunguza haraka. Nina slivu mwaka wa sita sasa.

Slivu hairudi. Wanakata karibu robo tatu au zaidi ya tumbo na kuitoa nje kabisa, kinachobaki ni bomba jembamba kama mkono wa shati la mtoto. Kile kipande kinachotupwa ndo kinachotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya njaa, kwahiyo mwaka wa kwanza nilikuwa nasahau kula kabisa, naangalia saa ndo nakumbuka. Njaa imerudi taratibu na kilo kadhaa zimerudi nayo. Ila kilichonichosha ni kiungulia, sikuwahi kuwa nacho kabla, sasa nalalia mito mitatu na bado kuna usiku maji machungu yananipanda mpaka kooni naamka nakohoa. Kuna wanaolazimika kufanyiwa baipasi juu ya slivu kwa ajili ya hilo tu. Kama kiungulia unacho tayari mwambie daktari mapema.

Puto linawekwa ndani ya tumbo, linakaa kama miezi 6 hivi linatolewa, na uzito wengi unawarudia. Mengi yanajazwa maji yenye rangi ya bluu, ukiona unakojoa kijani au bluu ujue limepasuka, kimbia hospitali maana likishuka linaweza kuziba utumbo. Pete, ile inayofungwa sehemu ya juu ya tumbo, inatoka, ndiyo, lakini wengi waliowekewa zamani wamekuja kuitoa, mara imeteleza mara imekula ukuta wa tumbo, siku hizi wapasuaji wengi hawaitaki.

Mtoto: subiri kati ya miezi 12 na 18 baada ya opresheni. Na uwe makini, kilo zikishuka mimba inaingia kirahisi kuliko ulivyozoea, na baada ya baipasi vidonge vya kuzuia mimba si vya kuaminika sana, omba njia nyingine isiyomezwa.
Rehema

Naongezea upande wa baipasi maana ndo yangu.

Tumbo wanalokuachia ni dogo kama yai, yale mengine yanabaki humo humo ndani ila chakula hakipiti, utumbo umeunganishwa chini zaidi. Ndo maana watu wanasema inarudishika. Kwa maneno ndiyo, ila kuirudisha ni opresheni kubwa nyingine ngumu kuliko ya kwanza na wanafanya kwa mtu aliyezidiwa, sio aliyejuta.

Sasa yaliyonikuta. Mgongo ulinishika nikaenda dharura huku ugenini, lugha yenyewe ndo hivyo ya kuokoteza, nikachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, na kupewa vidonge vyake vya wiki mbili. Sikujua kueleza kwamba tumbo langu limekatwa, na wao hawakuuliza. Wiki ya pili choo cheusi kama lami, kizunguzungu, kumbe kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo kinavuja damu. Mwenye baipasi dawa za jamii hiyo, pamoja na aibuprofeni, anaepuka maisha yote, na sigara vilevile. Siku hizi nina kikaratasi nyuma ya simu, kwa lugha ya huku: opresheni gani, mwaka gani, dawa gani nisipewe.

Vitamini na madini ya chuma, B12, kalsiamu ni kila siku hadi kufa, hata slivu. Damu inapimwa kila mwaka. Ukitapika siku mfululizo usivumilie nyumbani, vitamini B1 ikiisha inaharibu ubongo.

Na kama unawaza kupanda ndege ukafanyiwe kwa bei rahisi halafu urudi, jiulize nani atakupokea. Mshono ukivuja ni siku hizo hizo za mwanzo, homa, moyo unakwenda mbio, na damu kuganda miguuni ndo usiseme ukikaa kwenye kiti masaa kumi. Mimi madaktari wawili walinikataa kwa sababu hawakunipasua wao.
Baraka

Da Rehema, kaka Baraka, asanteni sana. Kiungulia ninacho miaka yote, wala sikukitaja maana nilikiona kitu kidogo. Leo nimepiga simu wanisogezee miadi, na hicho kikaratasi kaka naomba unitumie jinsi ulivyokiandika nikabadilishe jina.
Zuhura