Mjadala: Aberdeen, mji wa watu 17,000, na daraja ambalo Kurt Cobain hakulala chini yake

Mleta mada (Tacoma, Marekani)

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumamosi, naomba tulijadili kwa heshima.

Nirvana wengi mnaijua. Hata asiyesikiliza roki ameshaiona fulana yake kwenye mitumba. Bendi hii ilianza 1987 katika mji wa Aberdeen, jimbo la Washington, kwa vijana wawili: Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa, na Krist Novoselic wa besi. Sensa ya 2020 iliukuta mji huo na watu 17,013. Kwa sheria za huku ni jiji. Kwetu ungeitwa mji mdogo na hakuna ambaye angebisha.

Ukiingia kutokea mashariki unakuta kibao cha kukaribisha wageni, na tangu 2005 kimebeba jina la wimbo wao mmoja, "Come As You Are", yaani njoo ulivyo. Ndani ya mji, kando ya mto Wishkah, kuna daraja la Young Street na kibustani cha kumbukumbu. Watu wanatoka mbali kulifuata daraja hilo kwa sababu ya hadithi moja: kwamba Cobain alipotimuliwa nyumbani akiwa kijana, alikuwa akilala chini yake. Mwenyewe alisimulia hivyo enzi za uhai wake, na wimbo wa "Something in the Way" ukaieneza dunia nzima.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka mtoni. Nimekua nikijua maji yanajaa au yanapwa bila kuuliza mtu. Jumamosi niliteremka chini ya daraja lile. Nguzo zimejaa majina ya wageni kwa rangi za kupuliza. Chini ya majina hayo kuna mstari wa ukoga ambapo maji huishia, na chini ya mstari ni matope laini ya kijivu. Niliukanyaga ukingo wake, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Bahari iko jirani, mto unapanda na kushuka nayo kutwa mara mbili. Sehemu kavu ipo, mtu anaweza kukaa na wenzake jioni wakapiga soga. Lakini kulala usiku mzima, siku za bamvua, na mvua ya huku? Hapana, jamani.

Wala si mimi wa kwanza kusema. Novoselic alishasema kwamba pale walikuwa wakikaa tu, na kwamba kuishi kwenye matope yale haiwezekani kwa jinsi maji yanavyopanda na kushuka. Charles Cross, aliyeandika maisha ya Cobain mwaka 2001, anasema kijana yule alijibanza kwenye korido za majengo ya watu na kwenye chumba cha kusubiria cha hospitali. Ni hospitali ile ile alikozaliwa Februari 1967.

Hilo la hospitali lilinichoma kuliko daraja lote. Kwa nini mji uendelee kutegemea hadithi isiyosimama, wakati ya kweli inauma zaidi?

Mchangiaji (Nairobi)

Pole kwa kiatu, ndugu yangu, lakini mimi nakwenda mbali kuliko wewe. Aberdeen haina dai lolote. Nirvana ni bendi ya Seattle. Kampuni iliyowatoa, Sub Pop, ni ya Seattle. Albamu ya kwanza, Bleach, ya 1989, walirekodi Seattle kwa fundi wa studio Jack Endino, na gharama yake inajulikana hadi senti: dola 606.17. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Cobain alitunzwa nini Aberdeen? Aliusema vibaya mji huo kwenye mahojiano, na mji wenyewe ulingoja hadi 2014, miaka 20 baada ya kifo chake, ndipo ukatangaza Februari 20 kuwa siku yake. Mtoto akishakuwa na jina kila mtu ni mjomba.

Mleta mada

Mkuu wa Nairobi, kuhusu kutunzwa sina ubishi. Kuhusu Seattle ninao.

Tufuate njia waliyopita. Mwaka 1983 Cobain aliiona bendi ya Melvins ikipiga bure kwenye maegesho nyuma ya duka la vyakula mjini Montesano, mji wa watu elfu nne hivi, na hapo ndipo akajua anataka kufanya nini. Mazoezi ya mwanzo na Novoselic yalifanyika Aberdeen, ghorofani juu ya saluni ya mama yake Novoselic. Onyesho la kwanza lilikuwa sherehe ya nyumbani huko Raymond, mji mdogo zaidi hata ya huo. Jina la Nirvana walilitumia jukwaani kwa mara ya kwanza hapa Tacoma ninapoishi, Machi 1988. Nyimbo nyingi za Nevermind, albamu ya 1991 iliyowafanya wajulikane duniani, Cobain aliziandika akiishi Olympia, mji mkuu wa jimbo. Na Nevermind yenyewe, karibu yote, walikwenda kuirekodi California. Seattle ilikuwa studio, kampuni na magazeti. Ni mchango mkubwa, lakini si kuzaa.

Sasa niseme nilichokusudia kusema tangu mwanzo. Dai la Aberdeen liko kwenye hesabu ya watu wake.

Mwaka 1930 mji ulikuwa na watu 21,723, na mashine za kupasua mbao zilikuwa zimejipanga mtoni. 1980 walibaki 18,739. 1990 wakawa 16,565. Ndani ya miaka kumi waliondoka watu 2,174, yaani zaidi ya mmoja katika kila tisa. Miaka hiyo kumi Cobain aliianza akiwa na miaka 13 na kuimaliza akiwa na 23. Alikulia mahali ambapo kila mwaka darasa linapungua na duka jingine linafungwa.

Ukiwauliza wenyeji wengi, watakulaumia bundi. Kuna bundi wa misitu ya huku aliyewekwa chini ya ulinzi wa sheria ya taifa, na ukataji wa magogo kwenye misitu ya serikali ukabanwa sana. Ni kweli ilibana. Lakini bundi aliorodheshwa Juni 1990, na sensa ilihesabu watu kwa tarehe 1 Aprili 1990. Wale 2,174 walikuwa wameshafungasha kabla bundi hajaorodheshwa. Kilichowatoa ni riba kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 80 zilizosimamisha ujenzi wa nyumba, mashine mpya zilizohitaji mikono michache, na magogo yaliyopakiwa melini mazima mazima kwenda Japani, yakapasuliwe huko.

Kwa hiyo ndugu, daraja na bundi naviona ni kitu kimoja. Mji umechukua masimulizi mepesi mahali pa yale mazito.

Mchangiaji (Unguja)

Assalaam aleikum. Mimi kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, na hili nalijua kwa mkate wangu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa hapa 1946, familia ikaondoka 1964. Nyumba zilizowahi kuonyeshwa wageni kuwa ndimo alimoishi ni zaidi ya moja, na zote haziwezi kuwa kweli. Lakini mgeni aliyetoka mbali hataki cheti. Anataka mahali pa kusimama, anyamaze, apige picha, akitoka hapo anunue soda. Aberdeen imekimbiwa na watu kama ulivyosema mwenyewe. Leo watu wawili watatu wanakuja kwa sababu ya daraja. Unataka uwaondolee hata hilo? Kwani kalala au kakaa, si kafika pale?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Unguja, aleikum salaam. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, nimeifikiria usiku kucha.

Hilo la kufika nakubali kabisa. Kibustani kibaki. Kinachonisumbua ni kwamba masimulizi yakishalegea mahali pamoja yanalegea kote, na wanaoumia ni watu. Tazama historia ya bendi yenyewe. Kwenye Bleach ametajwa Jason Everman kama mpiga gitaa, na picha yake iko kwenye jalada, lakini hakupiga hata noti moja katika albamu hiyo. Alilipa zile dola 606.17, wakamtaja kwa shukrani. Upande wa pili yuko Chad Channing, mpiga ngoma wa sehemu kubwa ya albamu hiyo. Matoazi yake yamo hata ndani ya Nevermind, kwenye "Polly", bila jina lake kutajwa. Mwaka 2014 Nirvana walipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki, waliotajwa ni Cobain, Novoselic na Dave Grohl tu, mpiga ngoma aliyekuja baada ya Channing. Channing alikuwepo ukumbini. Grohl alimshukuru mbele ya watu wote, akaeleza kwamba baadhi ya mapigo yanayosifiwa yalitungwa na Channing. Nampenda Grohl kwa hilo. Aliyelipa yuko kwenye jalada, aliyepiga kaachwa mlangoni. Hayo ndiyo matunda ya kusema "si kafika pale".

Na mahali pa kweli pa kuonyesha wanapo. Nyumba ya utotoni ya Cobain, namba 1210 barabara ya East First, ipo na iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya jimbo mwaka 2021. Makumbusho ya mji yaliungua Juni 2018, na mji mdogo hauna mahali pengi pa kuweka kumbukumbu. Ndiyo maana kila kilichobaki kishikwe kwa uangalifu.

Mchangiaji (Nairobi)

Hapo kwa Channing umenigusa, mimi mwenyewe ni mpiga ngoma. Seattle nimeiachia nusu, Olympia ichukue nusu. Lakini swali: tangu 1990 mji umeendelea kufa? Maana ukiusikiliza muziki ule unadhani palishabaki makaburi.

Mleta mada

Hapana, na hili watu hawalisemi. 2000 walikuwa 16,461. 2010 wakawa 16,896. 2020 ndio hao 17,013. Ongezeko la watu 552 kwa miaka 20 ni dogo, lakini ni watu. Jumamosi, nikiwa nimekaa kwenye kibustani nikikausha soksi, alipita mama mmoja na watoto wawili wenye mabegi ya mpira. Akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya Kurt. Nikamwambia ndiyo. Akasema karibu, akanielekeza duka la viatu lililo wazi.

Mchangiaji (Unguja)

Basi mie nalegeza. Ila kibao cha pale darajani kiandikwe vipi, maana kulaumu ni rahisi?

Mleta mada

Kiandikwe kwamba hapa Kurt na wenzake walikuwa wakikaa. Kiandikwe usiku alilala wapi, na hospitali itajwe. Na pembeni wabandike ratiba ya maji kujaa na kupwa, mgeni ajionee mwenyewe.

Jumamosi ijayo nakwenda Montesano kuyatafuta yale maegesho. Walio Kent au Tacoma, gari lina nafasi mbili, tunaondoka saa mbili asubuhi.