Arusha kukosa gazeti lake la wiki: tatizo hela, au watu hawasomi?

Chalii wa Kaloleni: Wadau, kuna hili gazeti la wiki la New York, Village Voice, lilianza 1955, Norman Mailer mwandishi alikuwa mmoja wa waanzilishi. Lilikuwa linawataja wazi majaji wabovu na wenye nyumba wanaotesa wapangaji, na watu walikuwa wanapanga foleni usiku pale Astor Place kulisubiri. Sasa Arusha hii yenye watalii, tanzanite na Mahakama ya Afrika, kwa nini tusiwe na gazeti la wiki la Kiswahili la kugawa bure stendi na soko la Kilombero? Matangazo si yatalilipia?

Njiro Block D: Mkuu ile foleni ilikuwa ya kuwahi matangazo ya vyumba. 1996 Voice likaanza kugawiwa bure, halafu ikaja Craigslist, tovuti ya matangazo madogo, watu wakaanza kutangaza mtandaoni bure, 2017 Voice wakaacha kuchapa, 2018 wakafunga, hadi likafufuliwa 2021. Hapa kwetu vyumba viko WhatsApp na kwa dalali, nani atakulipa?

Mama Sakina: Usinitajie dalali!! Anataka kodi ya mwezi mzima, unafika unakuta chumba kishapata mtu. Mimi ningelipia tangazo la uhakika hata leo.

Kibosho Juu: Tuseme ukweli tu, Arusha watu wanatafuta hela, hawasomi. Sisi Moshi tulikuwa na Komkya tangu 1953, la Kiswahili, na barua za wasomaji humo. Nyie mlikuwa na nini?

Chalii wa Kaloleni: Arusha Times hulijui? Lilikuwa la wiki, la hapa hapa, ila la Kiingereza ndo maana nimesema Kiswahili. Na hilo la hatusomi ulifute. Baba yangu ni fundi cherehani, gazeti lake likitoka mkononi linazunguka baraza zima hadi linachanika, halafu uje useme hatusomi, we umekaa Arusha lini?

Mzee wa Mnara wa Saa: Kijana wa Kibosho, Komkya lilikuwa la Baraza la Wachagga, enzi za Mangi Mkuu Marealle. Gazeti la watawala unalifananishaje na hilo la New York?

Kibosho Juu: Shikamoo mzee. La baraza sawa, lakini watu walibishana humo humo kwa barua, na Marealle mwenyewe alikuja kuondolewa kwa kura 1960. Watu wasiosoma wanafika huko?

Mzee wa Mnara wa Saa: Marahaba. Kura ile ilikuwa ya siasa za TANU na uhuru, usimpe sifa mhariri.

Njiro Block D: Mnabishana ya mangi wakati magazeti ya MwanaHALISI na Mawio yalifungiwa 2017, yakaja kurudishiwa leseni 2022. Hao wako Dar, wana majina makubwa. Wewe wa Kaloleni ukimtaja tajiri mmoja wa mjini hapa, matangazo yake unayasahau wiki hiyo hiyo, na rafiki zake nao wanaondoa ya kwao.

Mama Sakina: Basi tusiliwekee tajiri. Wapangaji tuchange, matangazo madogo madogo elfu mbili mbili, na madalali matapeli waandikwe na namba zao.

Kibosho Juu: Elfu mbili? Bei ya karatasi mnaijua lakini? Moshi tulikuwa na ushirika nyuma yetu, kahawa ililipa mengi.

Chalii wa Kaloleni: Moshi tena. Nasubiri ufute.